Majina Kumi na Moja ya Kyandoa

Kyandoa, Nuu
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Mwangangi,

"Wakazi wa Kyandoa walihudhuria, walielezwa, na kwa kauli moja wakaukubali mradi."

Hayo ni maneno yako. Yamo kwenye ukurasa wa pili wa kumbukumbu za mkutano wa tarehe 18 Februari, na chini yake kuna sahihi yako na muhuri wa Ofisi ya Wadi. Niliyasoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti, nikayasoma tena. Tuanze na hayo. Salamu zitakuja, hazina haraka.

Walihudhuria. Kweli. Kanisa lilijaa hadi watu wakakaa madirishani.

Walielezwa. Nusu kweli. Mhandisi alisema Kiingereza kwa dakika arobaini kuhusu pampu na mabomba, nawe ukayageuza kuwa Kikamba kwa dakika nne. Zile thelathini na sita nyingine zilienda wapi?

Wakakubali. Uongo. Mutanu alisimama akauliza ng'ombe watakunywa wapi bwawa letu la silanga likizungushiwa seng'enge. Mhandisi akasema jambo hilo litaangaliwa. Mutanu akamwuliza, "Litaangaliwa na nani? Na ng'ombe?" Watu walicheka, na wewe ulicheka, nilikuona. Baada yake walisimama watu kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema hapana kwa njia yake. Kisha tukala wali na maharagwe yenu, tukaenda nyumbani tukijua tumekataa.

Mei likaja lori la nguzo. Leo silanga lina seng'enge pande zote, lango la chuma na kufuli, na ufunguo unakaa kwenye droo yako. Lango linafunguliwa Jumanne na Ijumaa, kwa mtu mwenye mtungi, si kwa mnyama. Ng'ombe wetu wanatembea saa tatu hadi mtoni kwenye visima vya mchangani, na saa tatu kurudi, na wanarudi na kiu ileile. Mwishoni mwa Mei mtamba wa Kanini alianguka njiani. Hakuinuka.

Unalijua silanga hilo. Lilichimbwa mwaka wa njaa, 1984, kwa mwethya, kila nyumba ikitoa mtu na jembe lake. Mwaitu alibeba udongo kwa karai akiwa na mimba yako. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilimwona akikaa chini katikati ya safari na kusimama tena. Hakuna ofisi iliyomsaidia kusimama. Leo mwana wake ndiye anayelifunga.

Usinipigie simu. Februari ulinipigia ukasema hakuna kitakachofanywa kabla hamjarudi kwetu. Mei nilipokukumbusha, ukasema hukusema hivyo. Andika, ili kesho nikuonyeshe ulichosema.

Tumepeleka ombi kwa kamati ya maji ya bunge la kaunti. Lina sahihi za wakazi, na mimi ndiye niliyeliandika.

Sasa salamu. Hujambo? Mkeo Wariara hajambo huko Kibwezi, na watoto? Sisi ni wazima, isipokuwa miguu.

Dada yako mkubwa,
Mwongeli

~

Ofisi ya Wadi ya Kyandoa
16 Juni 2025

Kwa dada yangu Mwongeli,

Salamu nyingi. Natumaini umeamka salama na mguu wako wa kushoto haukusumbui kama mwaka jana. Wariara na watoto ni wazima. Mdogo ana mafua tu.

Nimeisoma barua yako, na pia nimeyasoma uliyoyaandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, ambako uliniita "kijana wa kufuli". Nina miaka arobaini, dada. Watoto wangu wanaona simu ya mama yao.

Nitakujibu bila matusi. Mwaka jana zahanati ilitibu watoto wengi wa kuhara kutoka Kyandoa, na unajua kwa nini. Ng'ombe wanaingia majini hadi tumboni, wanakunywa na kukojoa hapohapo, na hatua kumi kutoka hapo mama anajaza mtungi. Kanini analilia mtamba. Je, umemwuliza mjukuu wake alilazwa siku ngapi? Seng'enge haikuletwa na chuki. Ililetwa na ugonjwa.

Pili, sheria inataka wananchi washirikishwe, nami niliwashirikisha. Niliita mkutano, nikatangaza kanisani Jumapili mbili, nikaleta mhandisi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeandika barua ya kupinga katika siku zilizowekwa. Kusema hapana kanisani halafu kula na kwenda zako, hilo ofisi inaliweka kwenye faili gani?

Tatu, na hili nimekawia kuliandika. Fomu ya mahudhurio ina majina mia moja na arobaini na matatu. Niko nayo hapa mezani. Kuanzia nambari hamsini na nane hadi sitini na nane, majina kumi na moja, pamoja na nambari za vitambulisho, simu na sahihi, ni mwandiko wako. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kabla sijaanza shule. K yako naijua hata nikiwa usingizini.

Kamati ya maji inakuja Kyandoa tarehe 21 Agosti kusikiliza ombi lenu. Mtu wa kwanza kwenye ombi ni wewe. Nikiwaonyesha fomu hii, wataniuliza swali moja tu: mwanamke anayesaini kwa niaba ya watu kumi na mmoja, ataaminiwa vipi anaposema ofisi ni ya waongo?

Sijamwonyesha mtu. Niambie ulichofanya.

Ndugu yako mdogo,
Mwangangi

~

Kyandoa, Nuu
5 Julai 2025

Kwa Mwangangi,

Nimechukua karibu wiki tatu kukujibu. Usidhani nilikuwa nimeenda safari.

Hujambo? Mafua ya mtoto yameisha? Hapa ni vumbi na upepo.

Ndiyo. Ni mwandiko wangu.

Siku ile ya mkutano kikundi chetu cha mwethya kilikuwa na zamu ya kuchimba matuta kwenye shamba la Kanini. Wewe umelelewa hapa, lakini umekaa ofisini miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza kama mgeni. Asubuhi majina yanasomwa. Asiyekuwepo anaitikiwa na mwenzake, na anayemwitikia anafanya kazi ya watu wawili siku hiyo. Si udanganyifu. Ni ahadi ya jasho. Basi wanawake kumi na mmoja waliniambia, "Mwongeli, nenda huko kanisani utuitikie, sisi tutachimba sehemu yako." Wakaniandikia nambari zao kwenye karatasi. Nilipofika mlangoni, Kasyoki, karani wa kanisa, alinipa kalamu na fomu, nami nikawaandika wote kumi na mmoja na kuwatilia sahihi. Nilitaka wahesabiwe, ili hapana yangu iwe hapana ya watu kumi na wawili.

Nawe ukawahesabu. Kwa ndiyo.

Fomu hiyo haikuwa na kichwa, Mwangangi. Juu yake hapakuandikwa "waliokubali" wala "waliokataa" wala "waliokuja kula". Ilikuwa na mistari tu. Mkaichukua mistari yetu mkaibandika nyuma ya maneno yenu. Usinihubirie ukweli ukiwa umekalia karatasi ya namna hiyo.

Lakini kuna jambo jingine, na nisipoliandika leo sitaliandika kamwe. Juni mosi wale wanawake walipata ujumbe kwenye simu zao: "Asante kwa kuunga mkono mradi wa maji Kyandoa." Kanini aliupata siku ya pili baada ya mtamba wake kufa. Mume wake aliusoma. Alimwuliza mbele ya watu ni lini aliuza silanga, na yeye hata mkutanoni hakwenda. Wanawake wakaulizana nani amewaandika kuwa wamekubali; hawakunidhania mimi, waliyenituma kusema hapana. Wakasema ni Kasyoki, kwa kuwa ndiye aliyeshika fomu mlangoni. Wameacha kumsalimia. Jumapili alikaa benchi zima peke yake, na mimi nilikuwa benchi la nyuma yake nikiimba.

Nimenyamaza wiki tano. Mimi, ninayekuandikia kurasa kwa kurasa kuhusu ofisi zinazoficha.

Onyesha fomu ukitaka. Lakini usionyeshe nusu. Siku ile ulikuwa na daftari la bluu gotini, ukiandika kila mtu alipozungumza. Onyesha na hilo.

Na kuhusu watoto wanaohara, una haki. Nilimwuliza Kanini. Mjukuu alilazwa siku sita. Hilo ungelisema Februari kwa Kikamba, badala ya mambo ya mabomba, tungekuwa tumeshazungumza kama watu.

Dada yako,
Mwongeli

~

Kibwezi
13 Julai 2025

Kwa dada Mwongeli,

Salamu kutoka kwa Wariara, ambaye anasema ukija utakuta mapapai hata ya kulisha mbuzi. Watoto wamepona. Niko likizo ya wiki moja. Niliomba mwenyewe.

Barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikampa Wariara. Jioni akaniambia kesho kuna mkutano wa wakulima wa mfereji, twende wote, maana shamba ni letu sote. Nikaenda kama mkulima, sina beji wala gari la kaunti. Mlangoni kulikuwa na meza, na juu yake fomu. Mtu akanipa kalamu. Nikaandika jina, kitambulisho, simu, nikatia sahihi, nikaenda kuketi. Wariara akaniuliza, "Umesaini nini?" Dada, sikujua. Nimeendesha mikutano ya namna hiyo miaka saba na sikuwa nimeulizwa swali hilo. Nilirudi mezani kuuliza. Yule mtu alikasirika, akaniambia nisicheleweshe watu.

Wewe umeniandikia la kwako. Nami nitakuandikia la kwangu.

Zile kumbukumbu za mkutano niliziandika tarehe 16 Februari. Mkutano ulikuwa tarehe 18. Idara ilitaka faili kamili kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mradi ungepelekwa wadi nyingine, nami niliogopa Kyandoa ikose maji safi na niambiwe nimelala kazini. Nafasi pekee niliyoiacha wazi ni ya idadi ya waliohudhuria. Nilidhani mkikataa nitabadilisha. Mlipokataa, nilijaza idadi, nikatia muhuri.

Daftari la bluu ninalo. Mutanu yumo, na maneno yake yote, hata lile la ng'ombe. Wale kumi na wanne wamo.

Nataka kuita mkutano mwingine kabla kamati haijafika, ili wakija watukute tumeshazungumza. Nitasoma daftari mbele ya watu. Ninaomba mambo mawili tu: usiniite kijana wa kufuli, na watu wasinizomee kabla sijamaliza. Nikimaliza wanizomee.

Ninaogopa. Nikisoma daftari lile, kazi yangu inaweza kuisha.

Ndugu yako,
Mwangangi

~

Kyandoa, Nuu
17 Julai 2025

Mwangangi,

Siku mbili kabla!

Sikusalimu. Nimeandika barua hii mara tatu, na mbili nimezitia motoni. Tulikuja pale tumevaa nguo za Jumapili siku ya Jumanne. Mutanu alitembea kutoka ng'ambo ya mlima na fimbo. Mimi niliacha jembe. Na jibu letu lilikuwa limeshalala kwenye faili lako, limepigwa chapa, linasubiri tu tuje tuhesabiwe vichwa kama mbuzi mnadani. Kufuli ni jambo dogo. Hili ndilo linalofanya mtu asitoke tena nyumbani akiitwa. Hili ndilo linalofanya vijana waseme mkutano ni wa wajinga. Mnalalamika kwamba wananchi hawana adabu wanapozungumza na ofisi. Nani aliyeanza kukosa adabu?

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza, lakini karatasi ni kidogo.

Mkutano tutakuja, kwa masharti yetu. Jumamosi tarehe 26, saa nne asubuhi, langoni pa silanga, si kanisani. Hakuna chakula, ili asitokee mtu wa kusema tulikuja kwa ajili ya wali. Hakuna fomu ya kusaini mtu akiingia. Mazungumzo ni Kikamba, na mhandisi atafutiwe wa kumtafsiria yeye, si sisi. Atakayeandika ataandika mbele yetu, na kabla mtu hajaondoka atatusomea alichoandika, na mwenye jina atasema kama ndivyo alivyosema au sivyo.

Kuzomewa: nimezungumza na Mutanu na wenzake. Hawatakuzomea hadi umalize. Baada ya hapo sina mamlaka nao.

Nami nitasema habari ya majina kumi na moja. Nitasema kwanza. Mimi ndiye mkubwa.

Mimi dada yako, kwa leo kwa shida,
Mwongeli

~

Kyandoa, Nuu
27 Julai 2025

Kwa Mwangangi,

Hukuja.

Tulikaa langoni kuanzia saa nne. Saa tano mtu akasema gari limeharibika. Saa sita mwingine akasema umeitwa makao makuu. Mimi nilikutetea, Mwangangi. Nilisema wewe ni mtu wa kuja. Mutanu aliniangalia, akasema, "Mwongeli, huyo umemnyonyesha nini?"

Mhandisi alikuja. Huyo mgeni ambaye hatukumtegemea alikuja kwa pikipiki, akaketi kwenye jiwe, akatafsiriwa neno kwa neno, akapigwa jua kama sisi. Wewe ambaye kitovu chako kimezikwa mita mia mbili kutoka pale, kiti chako kilikaliwa na kuku.

Saa saba nilisimama nikasema la kwangu. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini Kasyoki alikuwa amekaa pembeni, mbali na wanawake, na niliona kwamba nisiposema siku hiyo sitaweza tena kuinua sauti mbele ya ofisi yoyote. Nikasema ni mimi niliyewaandika, na kwamba nimewaacha wamwadhibu Kasyoki wiki nane kwa kosa langu.

Kasyoki ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na hakunisamehe. Alisema, "Mwongeli, ulikuwa unanipa mkono kila Jumapili." Basi. Akakaa.

Kisha Kanini akasimama. Alisema mimi sikukosea kumwitikia, maana alinituma. Nilikosea kutorudi kumwambia nilichoitikia na kilikotumika. Katika mwethya anayemwitikia mwenzake hufanya kazi yake. Basi jina lake lilitumika kufunga lango, na kazi iliyotokana na lango hilo ni kupeleka ng'ombe mtoni. "Utapeleka wangu," alisema, "kila siku, hadi lifunguliwe." Wanawake wote wakaitikia. Nami nikaitikia.

Leo nimewapeleka. Ng'ombe watano, nimetoka alfajiri na kurudi saa kumi. Nina miaka hamsini na minne. Nilikuwa nimeandika kuhusu safari hiyo kwa ukali mwingi, na sikuwa nimeitembea hata mara moja, kwa kuwa nina mbuzi watatu tu na tangi la mabati. Sasa naijua. Kuna mahali pa kokoto ambapo ng'ombe wanakataa kwenda na huwezi kuwalaumu.

Mhandisi alisema jambo moja la maana: maji yanaweza kuvutwa kwa bomba hadi kwenye birika la saruji nje ya seng'enge, ng'ombe wanywe pale na watoto wasihare. Alisema angetuambia Februari. Baada ya swali la Mutanu hakuna aliyerudi kumwuliza.

Sina neno zaidi. Niandikie ulikuwa wapi, au usiandike.

Dada yako,
Mwongeli

~

Mwingi
10 Agosti 2025

Kwa dada Mwongeli,

Natumaini miguu yako inahimili. Sijui kama nina haki ya kuuliza.

Nilifika hadi sokoni Nuu siku ile. Nilikuwa na daftari kwenye mfuko wa koti. Nikanunua soda, nikakaa nje ya duka, nikaona watu wakipita kuja Kyandoa, wengine wakanisalimu wakasema tutaonana huko. Nikamaliza soda. Nikanunua nyingine. Saa saba nikapanda gari nikarudi Mwingi, ninakopanga chumba. Hakuna aliyenizuia. Hakuna aliyenipigia simu kunitisha. Ningekuwa na kisingizio ningekiandika.

Barua yako ilinikuta kitandani. Siku iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wangu na barua ya kukiri, nikamweleza kuhusu tarehe 16 na tarehe 18. Alifunga mlango, akasema nirudishe barua yangu mfukoni na mambo yaishe hapo. Aliniambia kila wadi hufanya hivyo, na kwamba nikisema mimi nawasemea wote. Nilimwambia simsemei mtu.

Nimeiandikia kamati. Nimesema kumbukumbu za mkutano zilizo kwenye faili si za mkutano huo. Nimewapa nakala ya kurasa tisa za daftari la bluu, na nakala yako ni hii hapa ndani. Fomu nimewapa pia, na nimewaeleza majina kumi na moja yaliandikwa na nani na kwa nini, kama ulivyosema mwenyewe mbele ya watu. Nimepewa barua ya kujieleza. Huenda nikasimamishwa.

Ufunguo sikuachiwa. Umepelekwa makao makuu hadi kamati iamue. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa pia hakuna maji sasa, na hilo pia ni kwa sababu yangu.

Tarehe 21 nitakuja. Sitapita sokoni.

Ndugu yako,
Mwangangi

~

Kyandoa, Nuu
31 Agosti 2025

Kwa Mwangangi, ndugu yangu,
na nakala kwa wajumbe saba wa kamati ya maji, kila mmoja kwa jina lake

Salamu kwako, Wariara na watoto. Nimesikia umesimamishwa kwa miezi mitatu. Pole. Simaanishi pole ya kupita njia. Nilitaka ofisi iadhibiwe, na ofisi ikachagua kumwadhibu mtu wake wa kwanza aliyesema kweli. Nitaliandika hilo mahali pengine, tena kwa herufi kubwa.

Nakuandikia tena kwa sababu wajumbe hawa saba walikuwepo tarehe 21, na isije ikasemwa wameelewa vingine.

Ulikuja. Ulisimama jua likiwa utosini, ukasoma kurasa tisa. Ulisoma maneno ya Mutanu, na Mutanu akasema, "Ndivyo." Ulisoma ya kila mmoja wa wale kumi na wanne, na kila mmoja akasema ndivyo, isipokuwa mzee mmoja aliyesema ulimwandika kwa upole mno. Ulipomaliza, walikuzomea. Nilikuwa nimekuahidi. Walikuzomea vizuri, nawe hukuinamisha kichwa, na walipochoka Mutanu akakuuliza kama umeshakula. Mtu akileta swali hilo hapa, unajua maana yake. Lakini usijidanganye: Kanini hakukupa mkono. Kasyoki hajanipa mimi wangu.

Baada ya hapo tulizungumza saa mbili bila mtu kutukanwa. Ulieleza ugonjwa wa watoto kwa Kikamba, na watu wakauliza, na mama mmoja akakubali mbele ya wote kwamba mtoto wake aliugua kwa maji yale. Tukakubaliana birika lijengwe nje ya seng'enge. Mawe na mchanga tutaleta sisi kwa mwethya, na kaunti itoe saruji na bomba. Lango lifunguliwe kwa ng'ombe upande wa chini hadi birika likamilike. Karani wa kamati aliandika, akasoma, tukasema ndivyo. Wajumbe wakasema wanaenda kulijadili.

Siku kumi zimepita. Mawe yamefika, yako langoni, marundo matatu. Mchanga umefika. Saruji haijafika, bomba halijafika, ufunguo haujafika. Nilipiga simu kwa karani, akasema jambo hilo linaangaliwa.

Sasa nawageukia ninyi saba.

Mlikuja kwa magari manne. Mlikaa chini ya turubai tulilowafungia, mkanywa maji tuliyoyabeba kutoka mtoni. Mmoja wenu alitusifu kwa ustaarabu wetu, akasema mikutano yote ingekuwa hivi kazi ingekuwa rahisi. Hatukuwa wastaarabu ili tusifiwe. Tulimeza hasira ya miezi sita ili tupate jibu, na hasira hiyo bado iko hapa, haijaenda mbali. Ndugu yangu ametoa kazi yake ili mjue yaliyosemwa. Mimi nimetoa jina langu zuri. Sasa ni zamu yenu kutoa kitu, na mnachodaiwa ni kidogo kuliko chetu.

Mnakutana Jumanne, tarehe 9 Septemba. Siku hiyo msituletee "kamati imeazimia". Jina la kila mmoja wenu lisomwe, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake kama lango la Kyandoa lifunguliwe au lisifunguliwe. Asiyekuwepo asiitikiwe na mtu. Karani aandike kila mmoja alivyosema, na karatasi hiyo iletwe hapa isomwe kwa sauti, langoni, kabla ya jua kuzama Ijumaa tarehe 12.

Na atakayeileta aje na ufunguo.

Dada yako, Mwangangi. Kwenu ninyi saba, mkazi wa Kyandoa,
Mwongeli